Maandamano Hufungua Mlango, Hayalindi Nyumba

Wapo wasomi wenzangu wanaodai kwamba maandamano dhidi ya ubaguzi wa rangi katika jeshi la polisi la Marekani yalikuwa kelele tupu. Nawapinga, ingawa hoja yao ina chembe ya ukweli.

Tarehe 25 Mei 2020 George Floyd aliuawa mjini Minneapolis. Taarifa ya kwanza ya polisi ilidai kwamba alipatwa na tatizo la kiafya. Bila video ya msichana mpita njia, na bila umma kumiminika barabarani, uongo huo ungezikwa pamoja naye. Badala yake, askari Derek Chauvin alihukumiwa kifungo cha miaka 22 na nusu.

Hata hivyo, kumfunga askari mmoja si kuubadili mfumo. Muswada uliobeba jina la Floyd ulipita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 2021, ukafia katika Seneti. Makubaliano ya mageuzi kati ya serikali ya shirikisho na Minneapolis yalitelekezwa na serikali ya Trump Mei 2025.

Je, yote yalipotea? La hasha. Makubaliano mengine, kati ya jimbo la Minnesota na mji huo, yaliidhinishwa na mahakama mwaka 2023, yakawekewa msimamizi huru. Hayo hayakufutwa na Washington.

Funzo ni hili: kinachodumu ni kile kilichoandikwa na kinachoweza kudaiwa mahakamani. Mwandamanaji asirudi nyumbani kabla ya kukidai. Na anayembeza akumbuke kwamba bila mwandamanaji, hakuna ambacho kingeandikwa.