Mchanganyaji wa vepu apime kwa mizani, si kwa macho

Katika maduka ya vepu, yaani sigara za kielektroniki, ya Uingereza kuna chupa inayouzwa ikiwa haijajaa, kwa makusudi. Ujazo wake ni mililita 60, lakini ndani mna mililita 50 tu za kimiminika chenye ladha, kisicho na nikotini hata chembe. Kando yake mnunuzi hupewa kichupa cha mililita 10 chenye nikotini ya miligramu 18 kwa kila mililita. Akifika nyumbani hufungua vyote viwili, hukimimina kidogo ndani ya kikubwa, hufunga na kutikisa. Miligramu 180 zimesambaa katika mililita 60, kwa hiyo kila mililita ina miligramu 3.

Utaratibu huo umezaliwa na sheria. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwongozo wa bidhaa za tumbaku mwaka 2014, ukaanza kutumika Mei 2016, na Uingereza, iliyokuwa bado mwanachama, ikauingiza katika kanuni zake. Nikotini isizidi miligramu 20 kwa mililita. Chupa ya kujazia yenye nikotini isizidi mililita 10. Kimiminika kisicho na nikotini hakikuguswa. Wauzaji wakaona mwanya, wakatenganisha vitu viwili vilivyokuwa vinauzwa pamoja, na kazi ya kuviunganisha ikahamia kwenye meza ya jikoni ya mteja.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Hao hununua viungo vyote kimoja kimoja: propilini glaikoli, gliserini ya mimea, nikotini na vikolezo vya ladha, kisha hutengeneza kimiminika chao kuanzia mwanzo. Wengi hufanya hivyo kwa sababu ya bei, na bei iko njiani kupanda. Katika bajeti ya 2024 serikali ya Uingereza ilitangaza kodi ya pauni 2.20 kwa kila mililita 10 za kimiminika cha vepu kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, kiwe na nikotini au kisiwe nayo. Kwa chupa yenye mililita 50 hiyo ni pauni 11 za kodi peke yake. Anayedhani kwamba watu hawatakimbilia kuchanganya nyumbani hajawahi kuona mvutaji akipiga hesabu ya mwisho wa mwezi.

Ndiyo maana suala la vipimo lisichukuliwe kama jambo la wachache wenye uraibu wa kuchezea chupa. Na kwenye vipimo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu watu wengi huanza kwa kuhesabu matone.

Tone si kipimo. Ile kanuni ya matone 20 kwa mililita moja ni makadirio ya maji yanayodondoka kwenye kidondoshi cha kawaida. Gliserini ni nzito na inanata, propilini glaikoli ni nyepesi zaidi, na baadhi ya vikolezo vimeyeyushwa kwenye pombe. Kila kimoja hutoa tone la ukubwa wake. Badilisha ncha ya chupa, na hesabu yote imebadilika. Mpishi wa pilau anaweza kukadiria chumvi kwa kiganja, kwa kuwa ataonja mchuzi na kurekebisha kabla wageni hawajakaa. Nikotini haimpi mtu nafasi hiyo.

Bomba la sindano ni afadhali, lakini nalo lina matatizo yake. Gliserini huvutwa polepole, huingiza mapovu ya hewa yasiyotaka kutoka, na sehemu yake hubaki imegandama ukutani mwa bomba. Anayesoma mstari wa mililita 10 anaweza kuwa amemimina 9 na ushee. Tena kila kiungo kinahitaji bomba lake, la sivyo ladha zinaingiliana.

Mizani ndogo ya kidijitali, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, huondoa karibu usumbufu wote huo. Chupa tupu huwekwa juu yake, mizani hurudishwa kwenye sifuri, kiungo cha kwanza humiminwa polepole hadi namba inayotakiwa itokee. Sifuri tena, kiungo cha pili. Kinachobaki kimenata kwenye chombo cha kumiminia hakihesabiwi, kwa sababu mizani inapima kilichoingia tu. Kikizidi kidogo, namba inabaki pale pale kwenye kioo ikisema ni kwa kiasi gani, na mchanganyaji anaweza kuongeza vingine kwa uwiano huo huo.

Lakini gramu si mililita, na hapa hata waangalifu hujikwaa. Mililita moja ya propilini glaikoli ina uzito wa takriban gramu 1.04. Ya gliserini ina takriban gramu 1.26. Chukua mtu anayetaka mililita 100 zenye gliserini ya mililita 70. Akipima gramu 70 akidhani ndizo mililita 70, atakuwa ameweka mililita 55 na nusu tu. Kama viungo vingine amevipima sawasawa, chupa yake itakuwa na mililita 85 na nusu, na nikotini aliyoikusudia iwe miligramu 3 kwa mililita itakuwa 3.5. Hatakufa kwa hilo. Ila atashangaa kwa nini koo linamkwaruza, na mara ijayo atapunguza kitu ambacho hakikuwa na kosa.

Kosa huwa na uzito tofauti pale nikotini inapokuwa kali. Nchini Marekani, nikotini ya miligramu 100 kwa mililita imekuwa ikiuzwa kwa wachanganyaji wa nyumbani. Ili kupata mililita 100 za kiwango cha 3 kutokana na nikotini hiyo, zinahitajika mililita 3 tu. Mkono ukiteleza mililita moja zaidi, kiwango kinakuwa 4, yaani theluthi nzima imeongezeka. Kwa nikotini ya miligramu 18, ambayo ndiyo iliyozoeleka Uingereza, kuteleza huko huko kungeongeza asilimia 6 tu. Nukta ya desimali ikikosewa, mililita 3 zikawa 30, mtu amejitengenezea kimiminika chenye nguvu mara kumi.

Hapa Ulaya ilipatia. Ukomo wa miligramu 20 umelalamikiwa sana na wavutaji, lakini faida yake ni hii: unapunguza ukubwa wa kosa ambalo mkono wa kawaida unaweza kulifanya.

Kuhusu sumu ya nikotini, ukweli usemwe bila kutiwa chumvi. Kwa zaidi ya karne moja vitabu vilirudia kwamba miligramu 60 au chini yake zinaweza kumuua mtu mzima. Mwaka 2014 mwanasayansi Bernd Mayer wa Chuo Kikuu cha Graz, Austria, alifuatilia chanzo cha namba hiyo, akakuta imeegemea majaribio yenye mashaka ya karne ya 19. Makadirio yake ni kwamba kiwango hicho ni zaidi ya miligramu 500. Inatuliza kidogo, hadi mtu akumbuke kwamba kijiko kimoja cha chai, mililita 5, cha nikotini ya miligramu 100 kina miligramu 500 kamili. Mtoto mdogo anahitaji pungufu sana. Desemba 2014, huko Fort Plain katika jimbo la New York, mtoto wa mwaka mmoja alifariki baada ya kumeza nikotini ya maji. Januari 2016 Marekani ikasaini sheria ya kulazimisha vifuniko visivyofunguliwa na watoto.

Nikotini pia hupenya ngozi. Mkulima wa Tabora anayevuna majani mabichi ya tumbaku yenye umande anaweza kupata kizunguzungu na kutapika bila kuvuta hata sigara moja. Anayemimina nikotini kali bila glavu yuko katika hatari hiyo hiyo.

Hata hivyo, usahihi wa mizani una kikomo. Unajibu swali la kiasi gani. Haujibu swali la kitu gani. Mwaka 2006, nchini Panama, maabara ya serikali ilitengeneza dawa ya kikohozi kwa kutumia mapipa 46 yaliyoandikwa kuwa ni gliserini safi ya asilimia 99.5. Ndani mlikuwa na daietilini glaikoli, kemikali ya viwandani inayoua figo. Chupa zipatazo 260,000 zilijazwa, na zaidi ya watu 100 wakafa.

Ladha nazo ni hadithi hiyo hiyo kwa sura nyingine. Daiasetili, inayotoa harufu ya siagi, inaliwa bila shida. Kuivuta ni jambo jingine: mwaka 2000 wafanyakazi wa zamani wa kiwanda cha bisi huko Jasper, Missouri, waligunduliwa kuwa na ugonjwa wa mapafu usiotibika. Watafiti wa Harvard walipopima vimiminika 51 vyenye ladha, walikuta kemikali hiyo katika 39. Matokeo yao yalitoka Desemba 2015. Na katika mlipuko wa maradhi ya mapafu ulioanza kuripotiwa Marekani mwaka 2019, ambao hadi tarehe 18 Februari 2020 ulikuwa umehesabiwa wagonjwa 2,807 na vifo 68, mtuhumiwa mkuu alikuwa vitamini E asetati, mafuta yaliyotumika kuzimua bidhaa za bangi zilizouzwa mitaani. Aliyeyachanganya huenda alipima vizuri kabisa.

Uganda ilichagua njia fupi: sheria yake ya tumbaku ya 2015 inakataza kuingiza, kutengeneza na kuuza sigara za kielektroniki. Kwa nchi ambayo soko lake halijakua, uamuzi huo unaeleweka. Uingereza haiwezi tena kufuata njia hiyo, kwani mamilioni ya watu wake wanavuta vepu na wengi wao waliacha sigara kwa msaada wake.

Inachoweza kufanya ni kuacha kumtupia mteja mzigo wote. Kanuni za 2016 zinadai kimiminika chenye nikotini kisajiliwe na viungo vyake vitajwe. Chupa ya mililita 50 isiyo na nikotini, ambayo kila mtu anajua itatiwa nikotini saa moja baadaye, ikaachwa nje. Hilo ni kosa la wazi, na vikolezo vinavyouzwa kwa wachanganyaji viwekwe chini ya masharti yale yale. Kila chupa ya kiungo iandikwe mililita moja ina gramu ngapi, kwa tarakimu mbili baada ya nukta, karibu na namba ya toleo na orodha ya vilivyomo. Mtengenezaji anaijua namba hiyo tayari, na kuichapisha kwenye lebo hakutamgharimu chochote cha maana. Hadi tarehe 1 Oktoba 2026, siku kodi inapoanza, upo muda wa kutosha wa kubadilisha lebo hizo.