Wanale si Uwanja wa Mpira

Muhula uliopita, katika ubao wa matangazo ulio karibu na chumba cha kulia, ilibandikwa karatasi yenye maneno machache: Safari ya Wanale, Jumamosi na Jumapili, rahisi, kwa wale ambao hawajapata kupanda mlima. Karatasi hiyo niliiandika mimi, kwa kuwa ndimi katibu wa chama chetu cha matembezi, na neno "rahisi" nililipigia mstari mara mbili. Leo nataka kulipinga neno lile. Naomba ndugu zangu wanisikilize, hasa wale waliokwenda pamoja nami, na wale wanaongoja zamu yao.

Kwanza niseme Wanale ni nini, maana wengi wanaolipokea gazeti hili wako mbali. Ni mgongo mrefu wa mlima unaosimama kama ukuta juu ya mji wa Mbale, mashariki ya Uganda. Ni mkono mmoja wa Mlima Elgon, ule mlima wa moto uliozimika zamani, ambao nusu yake iko kwetu na nusu iko Kenya. Mji wa Mbale uko kama mita 1,150 juu ya bahari, na mgongo wa Wanale unafika kama mita 2,300. Anayetaka kilele kikubwa cha Elgon, kiitwacho Wagagai, chenye mita 4,321, hana budi kutafuta siku nne au zaidi, blanketi nzito, na askari wa hifadhi wa kumwongoza. Lakini Wanale mtu huondoka asubuhi na ndizi mbili mfukoni, naye akawa juu kabla ya saa ya chakula. Akina mama wa huko huteremka kila siku kwenda sokoni na mizigo ya vitunguu na mikungu ya ndizi vichwani, wengine bila viatu, kwa njia zile zile ambazo sisi huzipanda tukihema kama mbwa.

Basi ni kweli kwamba kwa miguu Wanale ni mlima rahisi. Sikudanganya katika jambo hilo. Kosa langu ni kwamba niliutangaza kana kwamba miguu ndiyo pekee inayopanda.

Wagisu huuita mlima wote Masaba, na Masaba ndilo jina la babu yao wa kwanza. Masimulizi yao husema kwamba alitokea huko mlimani, na Wanale ni jina la mmoja wa wanawe. Kwa hiyo sisi tukisema "twende tukapande Wanale", katika sikio la mwenyeji tunasema twende tukamkanyage mtu mgongoni. Wenzetu Wagisu walio hapa shuleni hawakupata kutuambia hayo, nasi hatukupata kuwauliza. Tulijua habari za imbalu tu, ile tohara yao inayofanywa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, maana ngoma zake zikianza mwezi wa Agosti pale Mutoto, karibu na mji, hakuna mtu wa Mbale asiyezisikia.

Tuliondoka wanafunzi ishirini na wawili. Wengi wetu ni watoto wa nchi tambarare. Mimi mwenyewe ni mtu wa Busia, mpakani, ambako kitu kirefu kuliko vyote ni lori la mizigo linalongoja forodhani. Nusu saa ya kwanza tulikwenda mbio na kuimba, kama ilivyo desturi ya wasiojua. Baada ya hapo nyimbo zikakatika zenyewe. Udongo wa huko ni mwekundu na wa kunata, na mvua ilikuwa imenyesha usiku, kwa hiyo waliovaa viatu vya darasani, vyenye soli laini, waliteleza hatua moja nyuma kwa kila hatua mbili za mbele. Mvulana mmoja wa kidato cha pili alitoka malengelenge makubwa kisiginoni, na mwalimu aliyetusindikiza akabaki nyuma pamoja naye. Hapo ndipo sisi wakubwa tuliposhika uongozi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Juu, pembeni mwa njia, kuna pango. Jina lake silisemi, wala njia yake siielezi, kwa sababu itakayoonekana. Lilivyo ni hivi: kote tulikopita, mashamba yamelimwa mpaka ukingoni kabisa, migomba na kahawa na vitunguu, lakini kulizunguka pango lile miti mikubwa imesimama, na chini yake hakuna aliyelima. Mlangoni palikuwa na kipande cha kibuyu, manyoya ya kuku, na majivu. Mtu yeyote mwenye macho angejua kwamba amefika mahali pa watu. Sisi tuliingia kwa makelele ili tusikie sauti zetu zikirudi. Kisha mmoja akatoa kisu akachora jina la shule kwenye mwamba, na chini yake tukapanga majina yetu. Tulikuwa sita. Jina la tatu ni langu.

Tulipotoka tulimkuta mzee mmoja amesimama kimya, jembe begani. Tukamwamkia, naye akaitikia, "Mulembe," akatuuliza habari za safari kama mtu asiye na neno. Kisha akaingia pangoni. Kumbe alikuwa msomi. Akayasoma majina yetu kwa sauti, moja moja, kama mwalimu aitavyo majina asubuhi, na kila aliyeitwa hakujua aitike au akimbie. Akatoka, akasema, "Wanangu, babu yangu alikuja hapa kuomba, na baba yangu vile vile. Sasa nikija mimi, nitaanza kuwaona ninyi." Hakusema zaidi. Akatuonyesha njia fupi ya kwenda kwenye shule ya msingi tulikoruhusiwa kulala darasani, akaenda zake shambani.

Usiku ule ulikuwa wa baridi kali, nasi tulikuwa na masweta, lakini sikulala.

Tuliporudi, habari ile ikawa mjadala mkubwa mezani. Rafiki yangu mmoja, mtu wa akili na mcha Mungu kuliko mimi, alisema tusijisumbue. Alisema sisi ni Wakristo, mizimu hatuiamini, na mwamba hauna masikio wala haya. Kuulipa heshima ni kurudi nyuma. Neno lake lina uzito, wala sitaki kulipita kwa kicheko, maana wako wengi wanaowaza kama yeye. Walakini nilimwuliza: ukuta wa kanisa letu ni wa matofali tuliyoyafyatua sisi wenyewe, nao hauna masikio, je, yuko kati yetu awezaye kuchora jina lake karibu na madhabahu? Akanyamaza. Tena Musa alipofika mlimani Horebu aliambiwa avue viatu, na kwa wengi mlima huo ndio Jebel Musa, ulioko Sinai, wenye mita 2,285, yaani karibu sawa na Wanale wetu. Wageni wa dini nyingi huupanda usiku ili waone jua likichomoza, na asiyeamini hashurutishwi kuamini, ila hutazamiwa kuwa na adabu. Mtu akivua viatu kwa jirani yake mlangoni mwa msikiti, hakusilimu kwa kitendo hicho. Amejua tu kwamba nyumba ile ina wenyewe.

Mimi naona sababu ya uharibifu wetu haikuwa imani wala kukosa imani. Ilikuwa ni wepesi. Wagagai hakuna anayeuendea kwa mzaha, kwa kuwa baridi yake peke yake yamfundisha mtu unyenyekevu, na kiongozi yupo wa kumwambia hapa pita, hapa nyamaza. Lakini mlima ulio karibu na mji, usiodai chochote, hupokea wale ambao hawajawahi kupanda, waliojaa furaha na makelele, na hapana wa kuwaambia neno. Kama mlima unafaa kwa wanaoanza, ndipo unapostahili mafundisho mengi zaidi, si machache. Sisi tulifanya kinyume.

Na tusidhani wenyeji wanauchezea mlima huu. Wanaujua vizuri kuliko sisi, na wanajua unavyoweza kuua. Tarehe 1 Machi 2010, huko Bududa, upande mwingine wa mlima, udongo uliporomoka na kukifunika kijiji cha Nametsi pamoja na watu wake. Mwezi wa Novemba 2024 jambo kama hilo likatokea Bulambuli. Mwisho wa Julai 2022 mito iteremkayo kutoka mlimani ilifurika ikaingia Mbale yenyewe na kuchukua watu. Mwalimu wetu wa jiografia hutufundisha kwamba miteremko ikikosa miti, mvua kubwa hulegeza udongo ukashuka wote pamoja. Mimi nilipokumbuka ile miti iliyosimama kulizunguka pango, niliona kwamba woga wa wazee umeilinda mahali pale vizuri kuliko bango lolote.

Siku ya mapumziko ya katikati ya muhula nilipanda tena, na wawili katika wale sita, tukiwa na ndoo, maji na brashi ya waya. Mzee alitupeleka mwenyewe. Tulisugua karibu saa tatu. Majina yamefifia lakini hayakufutika. Mwamba tulioukwaruza una weupe ambao brashi haiwezi kuurudishia rangi yake. Mzee alitupa chai, akaniuliza kama hao watatu wengine ni wagonjwa. Nikamwambia hapana.

Haya ndiyo ninayotaka chama chetu kiyakubali, na nitayaleta mkutanoni. Tusiende Wanale tena bila mwenyeji wa huko juu kututangulia, naye alipwe kwa siku yake kama alipwavyo fundi, si kupewa soda na asante. Yeye ndiye atakayesema mahali gani tupite na mahali gani tusipite, wala mkubwa wa shule asimpinge. Aliye mwepesi kuliko wote atembee mwisho, na aliye mzito atembee mbele, ili pasiwe na kikundi cha mashujaa kinachofika peke yake kama tulivyofika sisi. Na kabla ya safari, mwenzetu mmoja Mgisu aombwe kutueleza habari za mlima kwa saa moja, jioni ya Ijumaa. Nimekwisha kumwuliza mmoja. Alicheka, akasema ameketi nami darasa moja miaka minne akingoja niulize.

Wako watakaosema kwamba masharti haya yatawakatisha tamaa wanaoanza. Sidhani. Yule mvulana wa malengelenge, aliyefika wa mwisho, ndiye aliyenihadithia jinsi ukungu ulivyopanda kutoka bondeni ukaufunika mji wote ukabaki mnara mmoja tu. Sisi sita hatukuuona ukungu huo. Tulikuwa tunachora.

Safari ijayo itakuwa Jumamosi ya pili ya muhula ujao. Tutaondoka saa kumi na mbili asubuhi, maana mvua za huko hupenda kuja alasiri. Kila mtu alete viatu vyenye meno, soksi mbili, chupa ya maji, sweta, na chakula cha siku moja. Visu vitabaki bwenini. Karatasi nitaibandika pale pale ubaoni, na safari hii neno "rahisi" halimo.