REKODI YA MGONJWA NI HAKI YAKE



Katiba tuliyoipigania na kuipata mwaka 2010 inampa raia, katika Kifungu cha 35, haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamruhusu kila mtu kuziona habari zake na kudai zisahihishwe zikiwa na kosa. Basi twauliza: kwa nini mgonjwa wa Molo au Gilgil aombe rekodi yake ya matibabu kana kwamba anaomba hisani?

Wako watakaosema kuwa hili ni jambo dogo la makaratasi. Mwaka 2018, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa asiyehitaji upasuaji alipasuliwa kichwa kwa kuwa utambulisho wa wagonjwa wawili ulichanganywa. Jina likikosewa, ustadi wa daktari haumwokoi mtu.

Nasi wa Nakuru tuna ushahidi wetu. Mapema mwaka 2008, maelfu waliotimuliwa makwao kwa ghasia za uchaguzi walijaa katika uwanja wa maonyesho. Miongoni mwao walikuwamo wenye kifua kikuu na wenye virusi vya UKIMWI, ambao dawa zao hazipaswi kukatizwa. Anayekimbia nyumba inayoteketea hakumbuki kadi ya kliniki. Na daktari asiyejua mgonjwa alikuwa akimeza dawa gani, kwa kipimo gani, na ipi humdhuru, hulazimika kukisia.

Wakubwa hujitetea kwa kutaja siri ya mgonjwa. Kifungu cha 31 kinalinda siri hiyo, nasi twakiunga mkono. Lakini siri hiyo ni mali ya mgonjwa; haiwezi kugeuzwa kufuli la kumfungia yeye nje.

Tangu 2013 hospitali zetu nyingi za umma zi chini ya kaunti. Kisingizio cha Nairobi kimekwisha. Kwa hiyo twadai:

Kwanza, kila mgonjwa atoke na muhtasari ulioandikwa wa ugonjwa, dawa na vipimo vyake.

Pili, nakala ihifadhiwe mahali pa pili, moto usije ukaila pamoja na kliniki.

Tatu, kosa likitokea, mgonjwa na jamaa zake waelezwe kwa maandishi.

Ndugu msomaji, mwulize mwakilishi wa wadi yako msimamo wake juu ya madai haya matatu. Akikosa jibu leo, mkumbushe siku ya kura.