Laini Iwekwe Kabla ya Kulipa

Simu isiyofungwa mtandao hupokea laini ya kampuni yoyote. Iliyofungwa ni ile ambayo kampuni ya simu ya ughaibuni huiuza kwa mkopo au kwa punguzo, ikaizuia isikubali laini nyingine. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa simu za namna hiyo Desemba 2021. Marekani bado zinauzwa, na baadhi huishia Kariakoo kwenye meza za simu za mtumba.

Kwa hiyo ukaguzi ufanyike dukani, fedha zikiwa bado mfukoni. Mnunuzi abonyeze *#06#. Tarakimu 15 zitakazotokea ndizo IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Azitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, naye ataletewa aina ya simu yenye namba hiyo. Jibu likitaja simu tofauti na iliyo mkononi, aiache: tangu Juni 2016 simu zenye IMEI bandia huzimwa kwenye mitandao ya Tanzania.

Hatua inayofuata ni kuweka laini yake mwenyewe. Pini husukumwa kwenye tundu la trei, si la maikrofoni. Matundu hayo hufanana, na la pili likichomwa maikrofoni inaweza kuharibika. Kadi ya nano hukaa namna moja tu, kona yake iliyokatwa ikilingana na ya trei. iPhone 14 zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina trei kabisa, zinatumia eSIM, laini isiyo na kadi, peke yake. Simu ikiwaka na kudai namba ya kufungulia mtandao, imefungwa, hata muuzaji aape vipi. Anayekataa jaribio hili la dakika chache hastahili kulipwa hata shilingi.

Namba ya kufungulia mtandao isichanganywe na PIN ya laini. PIN ikikosewa mara tatu, laini hudai PUK. PUK nayo ikikosewa mara kumi, laini imekufa.

Laini mpya husajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole. Mteja akimaliza kwa wakala apige *106# papo hapo, aone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Asiyoitambua aikatae mara moja, kwa sababu laini ya namna hiyo ikitumika kwa utapeli, anayetafutwa kwanza ni mwenye kitambulisho.

Simu ikipiga na kupokea lakini intaneti ikagoma wakati bando lipo, kinachokosekana mara nyingi ni APN, jina la njia inayoiunganisha simu na intaneti ya kampuni. Kwa kawaida hujiweka yenyewe; isipojiweka, huandikwa kwenye mipangilio ya mtandao. Kwa Vodacom ni neno internet tu, sehemu za jina na nywila zikiachwa wazi, kisha simu huzimwa na kuwashwa upya.