Mama aliyekoma hedhi akiona damu tena

Mwanamke akikaa miezi 12 mfululizo bila hedhi, amefikia ukomo. Damu yoyote inayokuja baada ya hapo, hata doa moja, si "ujana umerudi". Ni dalili ya kwenda kupimwa.

Mara nyingi chanzo si saratani. Lakini kati ya wanawake 10 wanaotokwa damu namna hii, takriban 1 hukutwa na saratani ya mfuko wa kizazi. Wachache zaidi huwa na sarkoma, saratani adimu ambayo mara nyingi huanzia kwenye msuli wa kizazi.

Sarkoma hujificha. Kwenye ultrasaundi inaweza kufanana na fibroidi, uvimbe wa kawaida ambao wanawake wengi huishi nao kwa miaka. Umri ndio unaopaswa kuleta shaka: fibroidi hutegemea homoni, hivyo hedhi ikikoma husinyaa. Uvimbe unaozidi kukua kwa bibi wa miaka 60 usiachwe kwa kudhani ni fibroidi.

Kupimwa mlango wa kizazi kwenye kituo cha afya na kuambiwa "uko salama" hakutoshi. Kipimo hicho hakioni kilichopo ndani ya mfuko. Mama anahitaji ultrasaundi na kuchukuliwa kinyama kikapimwe maabara. Kinyama nacho kinaweza kukosa sarkoma iliyo ndani ya msuli, kwa hiyo damu ikiendelea, arudi hospitali.

Tiba kuu ni upasuaji wa kutoa kizazi chote, uvimbe ukiwa mzima. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuwa mashine zinazokatakata fibroidi ndani ya tumbo zinaweza kusambaza sarkoma isiyojulikana. Kilichotolewa kipelekwe maabara, na familia ifuatilie majibu, kwani ndiyo yatakayoonyesha kama mionzi au dawa za saratani zinahitajika.

Kwa wakazi wa Shinyanga, Kahama na Geita, pa kuanzia ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Rufaa ya saratani huelekea Bugando, Mwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wagonjwa wanaotoka Geita hawasubiri tena kivuko.

Kikwazo kikubwa kinabaki kuwa aibu. Mama mzee hawezi kumweleza mkwewe wala mtoto wa kiume jambo hili. Basi binti au dada yake ampigie simu wiki hii na amuulize bila kuzunguka: "Mama, tangu hedhi ikome, umewahi kuona damu?"