Masisi na Walikale: tupatane juu ya pori, maji na soko bila kungoja Kinshasa

Vijana wenzetu wa Goma, Sake, Masisi na Walikale, na ninyi wenye vita iliwatupa Bukavu, Beni, Kampala ao Nairobi,

Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa Kongo na wa Rwanda walisaini makubaliano kule Washington. Tarehe 19 Julai serikali na AFC/M23 wakasaini karatasi ingine kule Doha. Sisi tunataka amani kama kila mutu, hatuzicheki hizo karatasi. Lakini uzisome mwanzo mpaka mwisho: hautakuta fasi yenye inasema nani atalima shamba gani kule Nyabiondo, ngombe zitapitia wapi kule Bashali, ao nani iko na ruhusa ya kuangusha muti kule Walikale. Na njo mambo yenye inafanya jirani ashike panga juu ya jirani, hata siku yenye hakuna askari hata mmoja karibu.

Kwa hiyo tunasema waziwazi: jamaa za Masisi na za Walikale zianze kupatana zenyewe, sasa, juu ya pori, maji na soko. Zisingoje Kinshasa. Zisingoje vita iishe.

Wengine watauliza: mbona hizo mbili pamoja? Angalia ramani. Masisi iko na kilomita mraba 4,734. Walikale iko na 23,475, karibu mara tano. Masisi ni milima, watu wengi, ngombe, maharagi, viazi, na ile fromaji yenye kila mutu wa Goma anajua. Walikale ni pori, mawese, muchele, na madini chini ya udongo. Mutu wa Masisi akikosa shamba anashuka Walikale. Mutu wa Walikale akitafuta maharagi anaangalia Masisi. Muto Lowa unazaliwa ku milima ya Masisi, unapita Walikale, unaenda mpaka kuingia Lualaba. Matope yenye tunatupa huku juu, wale wa chini wanaikunywa.

Barabara? Tuseme tu kwamba kwa miaka mingi ndege zilikuwa zinatua juu ya barabara yenyewe kule Kilambo, kuchukua kasiterite na kuipeleka Goma. Lami ya raia ikageuka uwanja wa ndege wa madini, na mama mwenye muzigo ku mugongo akaendelea na miguu yake.

Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mafuriko na maporomoko ya udongo yalifunika Bushushu na Nyamukubi, teritware ya Kalehe, jirani kabisa na Masisi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Mvua ilikuwa kali, ndiyo. Lakini mulima wenye umebakia bila miti haushiki maji, na wenye walikata ile miti si lazima wakuwe njo walewale wenye walifunikwa na udongo. Masisi iko na milima ya namna ile mingi sana.

Na sisi wa Goma tusijifanye malaika. Makala yetu inatoka Virunga, inatoka Masisi. Tunalalamika bei ya gunia, hatuulizi gunia imetoka ku mulima gani. Mbao za nyumba zetu zenye tunajenga juu ya mawe ya volkano, mbao za chukudu, zote zinatoka ku pori ya mutu. Siku yenye Masisi na Walikale watakaa ku meza, Goma inapaswa kukaa pale kama mununuzi, na kuitika kulipa.

Wazee wanajua kwamba inawezekana. Wanajua pia ginsi inavunjika. Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianza ku soko ya Ntoto, Walikale, na moto ukapanda Masisi. Maelfu ya watu walikufa, zaidi ya 200,000 wakakimbia. Mobutu akatuma askari wake, lakini askari peke yao hawakutosha. Mwisho wa 1993 na mwanzo wa 1994 kukakuwa mikutano: wakubwa wa asili, wazee, mashirika ya raia, watu wa jamaa zote wenye walikuwa wameuana. Hali ikaanza kutulia. Kisha Julai 1994 ikafika, wakimbizi wa Rwanda wakaingia Goma kwa mamia ya maelfu, askari na Interahamwe katikati yao, na ile kazi yote ikaharibika. Mutu asituambie kwamba watu wa Masisi na Walikale hawawezi kusikilizana. Walikuwa wameanza. Kile kiliwavunja kilitoka inje.

Woga yenye iko tunaijua. Ukitaja neno udongo mbele ya watu wa Masisi, kila mutu anashika moyo. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji walileta familia za Wanyarwanda kule, wakapanga udongo vile ilifaa mashamba ya wazungu. Sheria ya 20 Julai 1973 ikasema udongo wote ni wa serikali, basi mwenye pesa na rafiki Kinshasa akajitafutia karatasi ya kilima kizima. Mukulima mwenye babu yake alizikwa pale akaamka asubuhi ameshakuwa mufanyakazi ku shamba yake mwenyewe. Leo mutu kama huyu akisikia "mapatano ya jamaa" anajiuliza: mara hii wanataka kuniibia namna gani? Ni swali la akili, na linaomba jibu.

Jibu letu: mapatano yenye tunaomba hayagawi udongo. Hayasemi huyu ni wa hapa, huyu si wa hapa. Yanasema ngombe zipite wapi na wakati gani, kusudi zisikanyage maharagi kabla ya mavuno. Yanasema pembeni ya muto hakuna mutu anakata. Yanasema siku ya soko hakuna bunduki na hakuna barieri, na mutu akiibiwa anaenda kushitaki mbele ya wazee wa pande zote mbili, pamoja na wamama, vijana, na Batwa, wenye kila mara wanaitwa mwisho ao hawaitwi kabisa wakati pori ilikuwa yao mbele ya sisi wote.

Kuhusu pori, sheria iko. Amri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamaa ya wenyeji kupewa pori yao mpaka hekta 50,000, bila kulipa, kwa siku zote. Inaomba ramani, mihutasari ya mikutano, na sahihi ya gavana. Walikale kuna jamaa zimeshaingia ile njia. Na mbele ya ile amri, watu wa Tayna, upande wa Lubero, walikuwa wameanza tangu 1998 kuchunga pori na ngagi wao, kisha jamaa zingine za kati ya Maiko na Kahuzi-Biega zikaungana nao ndani ya UGADEC. Haikukosa kelele: kule Kisimba na Ikobo kuna wenyeji wenye walilalamika kwamba pori yao imegeuka hifadhi bila wao kuitika vizuri. Njo maana tunasema mukutano kwanza, ramani kisha. Januari 2025 serikali ilitangaza ule Ukanda wa Kijani toka Kivu mpaka Kinshasa, zaidi ya kilomita mraba 500,000. Mwezi uleule Goma ikaanguka. Tunauliza: kule Walikale nani alikuwa ameitwa kuzungumuza?

Tatizo la leo ni kwamba sahihi ni ya gavana, na Kivu ya Kaskazini iko na magavana wawili: mmoja Beni, mwenye Kinshasa iliweka, na mwingine Goma, mwenye AFC/M23 iliweka. Hapo tusicheze. Karatasi yenye utasaini leo mbele ya mwenye bunduki inaweza kukuua kesho mwingine akirudi. Kwa hiyo mikutano ifanyike, ramani ichorwe, mihutasari iandikwe mara tatu na ichungwe fasi tatu: ku parokia, kwa mwami, na kwa wamama wa soko. Sahihi ya gavana itangoja.

Hii kazi inaomba watu wenye wanajua GPS, wanajua kuandika, na hawana kazi. Tuko wengi. Tulisoma kilimo, mazingira, sheria, na diploma iko chini ya godoro. Hatuombi perdiemu ya semina ku hoteli ya pembeni ya ziwa. Kuku ngapi zimeshakufa kule juu ya amani ya Masisi! Tunaomba mwami na chefu wa gurupema watuachie tukae ndani ya mukutano na kalamu.

Kwa wenye bunduki, wa pande zote: wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba M23 inaokota karibu dola 800,000 kila mwezi ku koltani ya Rubaya. Miti ngapi ilipandwa na hizo pesa? Na ninyi wenye munajiita Wazalendo, ile franga yenye munamulipisha mama ku barieri, inalinda uzalendo gani? Siku ya soko, mutoke ku barabara.

Tunapendekeza mukutano wa kwanza ufanyike Ntoto, palepale ku soko. Usalama ukikataza Ntoto, basi Nyabiondo. Mwenye iko na mama, shangazi ao binamu mwenye anauza kule, amuulize siku gani ya juma inafaa, na nani wa kijiji chake hawezi kukosa.