Damu Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Wahenga walituachia methali kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye maduka huifahamu vyema, na waweka hazina wa vyama vya ushirika huikumbuka kila mara wakaguzi wa hesabu wanapobisha hodi. Leo nawaomba walimu na wanafunzi tuipeleke methali hiyo mahali ambapo haijazoeleka, yaani katika wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao kutimia, wale ambao wengi huwaita watoto njiti. Huko kuna mali ndogo mno, nayo ni damu. Maoni yangu ni kwamba kila tone linalotolewa katika mwili wa mtoto wa aina hiyo lapasa kuandikwa na kujumlishwa, sawasawa na dawa anayopewa.

Msomaji huenda akauliza, je, mtoto huyo ana damu kiasi gani? Kwa makadirio ya kawaida, mtoto njiti ana mililita zipatazo 90 kwa kila kilo ya uzani wake. Aliyezaliwa akiwa na kilo moja, basi, ana mililita 90 tu mwilini mwote. Hazijazi hata kikombe kidogo cha chai. Mtu mzima mwenye kilo 65 ana takriban lita nne na nusu. Tukigawanya, tutaona kwamba mililita moja kwa mtoto huyo ni kama mililita 50 kwa mtu mzima.

Hebu tutazame jambo hili kwa upande mwingine. Mtu mzima anapojitolea damu, hutoa mililita 450 hivi, yaani sehemu moja ya kumi ya damu yake. Kabla ya hapo hupimwa uzani na kuulizwa hali ya afya yake. Akimaliza hupewa kinywaji, kisha huambiwa asirudi kutoa tena kabla ya wiki 12 angalau kupita. Mtoto wa kilo moja huifikia sehemu hiyo ya kumi akishatolewa mililita tisa. Leo nusu mililita kwa kipimo hiki, kesho mililita moja kwa kipimo kile, na kabla ya wiki mbili kwisha zimetimia. Haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba hukikausha pia.

Ni kweli kwamba mtoto njiti angepungukiwa na damu hata asingeguswa na sindano. Madini ya chuma ambayo mama humwekea mwanawe akiba huhamishwa kwa wingi katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na mtoto huyu ameikosa sehemu kubwa ya miezi hiyo. Mwili wake bado ni mzito kutengeneza homoni inayouamuru uboho kuzalisha chembe nyekundu. Aidha, anakua upesi, na damu iliyopo hulazimika kuenea katika mwili unaopanuka. Hata hivyo, tafiti zimekuwa zikionyesha tena na tena kwamba kwa watoto wadogo kabisa, damu inayochukuliwa kupelekwa maabara katika wiki za mwanzo ni miongoni mwa sababu kuu za upungufu huo na za kuongezewa damu ya watu wengine. Tunatoa kwa mkono mmoja, kisha tunahangaika kutafuta ya kurudisha kwa mkono wa pili.

Sasa, ili tujue ni kiasi gani kinachopotea kwa sindano na ni kiasi gani kinachokufa chenyewe, hatuna budi kupima mambo mawili: wingi wa chembe nyekundu mwilini, na muda ambao chembe hizo huishi. Hapa ndipo elimu ya darasani inapokutana na kitanda cha mgonjwa.

Kipimo cha kawaida cha hospitali hakitoshi kujibu swali la kwanza. Hicho hutueleza uwiano tu, yaani katika damu kidogo iliyochukuliwa, chembe ni sehemu gani na maji ni sehemu gani. Ukionja chai utajua kama sukari imekolea, lakini huwezi kujua kama birika limejaa au limebaki nusu. Mtoto aliyepoteza damu muda mfupi uliopita aweza kuwa na uwiano unaopendeza macho ilhali birika lake linakwisha.

Njia ya kupima birika zima ni ile ambayo mwalimu yeyote aweza kuifundisha kwa gunia la maharagwe. Chukua maharagwe 100, yapake rangi, yarudishe guniani na uyachanganye vizuri. Teka 200 bila kuchagua. Ukipata kumi yenye rangi, basi yale 100 ni sehemu moja ya ishirini ya gunia, na gunia lina maharagwe yapatayo 2,000. Damu hupimwa vivyo hivyo. Chembe kidogo hutiwa alama, hurudishwa mwilini, kisha sampuli ndogo huonyesha zimezimuliwa mara ngapi. Ukiendelea kuzihesabu wiki baada ya wiki, utajua pia huchukua muda gani kutoweka.

Ugumu umekuwa ni kupata alama isiyodhuru. Mwaka wa 1919, Winifred Ashby, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Mayo nchini Marekani, aliwapa wagonjwa damu ya kundi la O na kuitofautisha na damu yao wenyewe kwa kuwa haikugandamana ilipotiwa dawa. Aliona kwamba chembe hizo huishi miezi, wala si wiki chache kama ilivyodhaniwa. Mwaka wa 1946, David Shemin na David Rittenberg wa jiji la New York walichapisha matokeo ya naitrojeni nzito, ambayo Shemin mwenyewe aliinywa, wakakadiria umri wa chembe kuwa siku 127. Kuanzia mwaka wa 1950 ikaenea alama ya kromiamu yenye mionzi. Lakini ni mzazi gani angekubali mtoto wake wa kilo moja atiwe mionzi kwa ajili ya hesabu?

Jibu lilitokana na kitu kilichomo ndani ya yai. Biotini ni vitamini ipatikanayo katika kiini cha yai, na ute wa yai una protini iitwayo avidini ambayo huing'ang'ania biotini kama kupe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti kama vile John Widness wa Chuo Kikuu cha Iowa na Donald Mock wa Arkansas wameitumia hali hiyo. Chembe hubandikwa biotini, kisha sampuli huchanganywa na protini ya jamii ya avidini iliyotiwa rangi ing'aayo, na mashine huzipitisha chembe moja moja mbele ya mwanga wa leza na kuzihesabu. Hakuna mionzi, na tone dogo la damu hutosha. Zaidi ya hayo, alama yaweza kuwa nzito au nyepesi, hivyo chembe za makundi mbalimbali hufuatwa katika mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Sisemi kwamba njia hii haina dosari, kwani baadhi ya watu wazima waliopewa chembe hizo walitengeneza kingamwili dhidi yake. Tahadhari ingali yahitajika.

Matokeo yake yanafaa kufundishwa. Vitabu vingi vilisema kwamba chembe za mtoto njiti huishi siku 35 hadi 50, na za mtu mzima siku 120. Mwaka wa 2017 lilichapishwa jaribio ambamo watoto 15 wenye uzani mdogo sana walirudishiwa chembe zao zenye alama pamoja na chembe za watu wazima zenye alama tofauti. Watafiti waliondoa katika hesabu athari ya ukuaji wa mtoto na ya damu aliyoongezewa, maana mambo hayo mawili hupunguza uwiano wa alama ingawa hakuna chembe iliyokufa. Chembe za watoto zilionekana kuishi takriban siku 54, na za watu wazima takriban siku 70. Tazameni vizuri: chembe za mtoto si dhaifu kwa kiasi kilichodhaniwa, na chembe za mtu mzima, zikiingia katika mwili huo mdogo, haziishi kwa muda ulioandikwa vitabuni.

Funzo ninalolipata ni hili. Ikiwa chembe za mtoto huweza kukaa karibu miezi miwili, basi tone tunalomnyang'anya leo lilikuwa na wiki nyingi za kumtumikia. Hatuwezi tena kujitetea kwamba lingekufa tu.

Kuna watakaosema kwamba daktari asiyepima hubahatisha, na kwamba katika hospitali zetu nyingi tatizo ni uhaba wa vipimo wala si wingi wake. Nakubaliana nao. Sipendekezi mtoto aachwe bila kupimwa. Ninachopinga ni kuchukua mililita mbili pale ambapo nusu ingetosha, na kurudia kipimo kwa sababu jibu la jana halikuonekana. Safu moja ya ziada katika karatasi iliyo kitandani, yenye tarehe, kiasi kilichochukuliwa na jumla hadi leo, haihitaji mashine ya leza wala msaada wa wafadhili. Yahitaji kalamu. Vilevile, Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja kupita, iwapo mtoto hahitaji kusaidiwa kupumua papo hapo. Damu inayomrudia kutoka katika kondo kwa dakika hiyo ni yake mwenyewe, na haina gharama.

Kwenu walimu, msiwaache wanafunzi waamini kwamba uwiano na asilimia ni mambo ya kupasia mtihani tu. Leteni gunia la maharagwe darasani. Nanyi wanafunzi, miongoni mwenu wamo wauguzi, wakunga na madaktari wa kesho. Siku mtakaposhika sindano mbele ya mtoto anayelala katika viganja viwili, jiulizeni kwanza ametolewa kiasi gani kufikia saa hiyo. Iwapo hakuna anayejua, anzeni kuandika.